Picha za vitu vidogo mikokoni, kuanzia alasiri hadi magharibi

Babu mmoja mvuvi alinikuta nimelala kifudifudi kwenye mchanga wa Kunduchi, Dar es Salaam, simu mkononi, pua karibu iguse maji. Nikamwamkia hapohapo chini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeangusha nini, pete?"

Nikamwambia napiga picha. Akatazama huku na huku akitafuta boti, akatafuta mtu, hakuona kitu. "Picha ya nini sasa?" Nikasogea kidogo aone: shimo la kaa lisilozidi upana wa kidole, na kulizunguka vidonge vya mchanga vimepangika kama shanga, kila kidonge na kivuli chake. Akainama, akatazama kwa muda, kisha akacheka. "Hivi tunavikanyaga kila siku."

Mwongozo huu ni wa hivyo tunavyovikanyaga. Nitazungumzia mikoko na ufukwe kwa sababu ndiko ninakoshinda na simu yangu, lakini aliye Lushoto au Bukoba atachukua mengi humu akayapeleka shambani, kwenye majani ya mgomba na utando wa buibui. Kamera kubwa si lazima. Nusu ya picha ninazozipenda nimezipiga kwa simu ya kawaida.

Kwanza, pima jua kwa kivuli

Mafunzo mengi ya picha yanayozunguka mtandaoni yametoka nchi za kaskazini, ambako wakati wa kiangazi jua huzama kwa mshazari, likiburuta mwanga wa dhahabu kwa muda mrefu. Ukiyafuata hapa utachelewa. Kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 10 juu ya upeo hadi linapogusa chini ni kama dakika 40 tu. Baada ya hapo giza haligongi hodi.

Jambo jema ni kwamba jua letu halina vigeugeu. Dar es Salaam huzama karibu saa 12:13 jioni mwishoni mwa Mei, na karibu saa 12:48 mwishoni mwa Januari. Tofauti ya mwaka mzima ni kama nusu saa. Ukishazoea mwezi mmoja, umezoea mwaka.

Mimi naangalia kivuli. Watu wa pwani wanajua kwamba alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile cha adhuhuri. Endelea na hesabu hiyohiyo. Chomeka kijiti cha urefu wa kiganja. Kivuli kikifika mara mbili ya kijiti, una kama saa moja na dakika 50 kabla ya jua kuzama. Huo ni wakati wa kutembea na kuchagua. Kikifika mara tano, umebaki na kama dakika 45. Hapo uwe umeshakaa mahali pako na simu imeshaegemezwa. Kijiti hakiishiwi chaji.

Kwa nini mwanga wa saa hizo ni tofauti? Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo, mwanga wake hupita kwenye hewa mara mbili ya ule wa jua la utosini. Likiwa nyuzi 10, ni zaidi ya mara tano. Njiani humo rangi ya bluu hutawanywa huku na huku, inayotufikia ni njano na nyekundu kwa wingi. Lakini kwa vitu vidogo, rangi mimi naiweka nafasi ya pili. Kikubwa ni kwamba mwanga unakuja kwa ubavu. Punje ya mchanga, ambayo saa saba mchana haina kivuli chochote, saa kumi na moja na nusu ina mkia mara nne ya urefu wake. Hapo ndipo kitu kidogo kinapata umbo.

Sasa, tahadhari ya pwani: ufukwe wetu mwingi unatazama mashariki. Jua halizami baharini, linazama nyuma yako, nyuma ya minazi na nyumba. Mnazi wa mita 20 ulio mita 100 nyuma yako unakunyang'anya jua la dakika 45 za mwisho, yaani zile tamu zote. Kwa hiyo kabla ya kuamua mahali, geuka uipe bahari mgongo, uangalie upande wa bara kuna nini. Tafuta pengo: mdomo wa mto, uwanja, hori (mkono wa bahari ulioingia bara) lenye mikoko mifupi. Watu wa Nungwi na wa Forodhani Unguja hawana shida hii, wao wanatazama magharibi, na sisi wa bara tunawaonea wivu.

Pili, waulize wavuvi kuhusu maji

Hapa ndipo nilipoharibu mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa 10 au 11 jioni pwani ya Zanzibar na Dar, na hupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi. Maana yake nini? Zile siku ambazo bahari inatoka mbali mpaka unaona miamba na majani, inatoka wakati jua linaelekea utosini. Jioni yake ukienda unakuta maji yameshafika kwenye matawi ya mikoko na hakuna mchanga wa kupiga.

Jioni yenye nchi kavu huja siku za maji mafu, kama wiki moja baada ya mwezi mwandamo au mpevu, mwezi ukiwa nusu. Maji mafu hayatoki mbali, mtu wa pweza hayapendi, lakini sisi tunataka mita chache tu za mchanga na tope. Chagua siku ambayo maji yanapwa kabisa kati ya saa 9 na saa 11. Wakipata muda mrefu wa kufanya kazi, kaa watakuwa wameshapamba ufukwe wote jua linapoinama.

Kuna jedwali la maji na kuna programu za simu. Mimi bado namuuliza mtu mwenye ngalawa, "Kaka, leo maji yanatoka saa ngapi?" Anajibu bila kuangalia kitu, na kwa kawaida anaongeza la upepo, ambalo programu yangu hailijui vizuri. Mwaka wangu wa kwanza sikuuliza mtu. Nilikwenda siku ya bamvua, nikajiingiza kwenye hori nikifuata kaa, na nilipogeuka njia niliyojia ilikuwa maji ya magoti. Nikavuka. Simu ilikuwa mfuko wa suruali. Fundi aliifungua siku iliyofuata, akanionyesha ndani pamekuwa kijani. "Chumvi hii, haisubiri," akasema, na akanitoza kwa kunionyesha.

Upepo: kusi likivuma, kama kuanzia Mei hadi Septemba, majani hayatulii na picha za karibu zinatikisika. Siku hizo nabaki chini, kwenye mchanga na mizizi, vitu visivyopepea. Majani na maua nayaachia miezi ya katikati, pepo zinapobadilishana, na jioni nyingine bahari inakuwa kama mafuta.

Vya kubeba

Vichache. Soksi nene iliyojazwa mchele nusu kilo na kufungwa fundo: ndiyo stendi yangu, inakaa juu ya tope, juu ya mzizi, juu ya jiwe, na simu haitelezi. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri lakini iwe fupi sana. Ndefu inakupandisha juu ya kitu unachotaka kushuka nacho. Kipande cha turubai au gunia la kulalia. Karatasi nyeupe ngumu ya ukubwa wa daftari. Kitambaa cha pamba kikavu, na kingine. Chupa ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, si ya kunywa tu, utaona mwishoni. Dawa ya mbu, maana kuanzia saa kumi na moja mbu na visubi wa mikokoni wanafungua ofisi, na huwezi kushika simu kwa utulivu huku unajipiga makofi. Viatu vya plastiki vya kufunga. Kandambili tope inazimeza.

Tochi ya kichwani kwa kurudi. Na usiende peke yako mahali usipopajua. Simu nzuri na giza ni marafiki wabaya.

Tatu, chagua mita moja ya ardhi, ukae

Kosa la jioni ni kukimbizana na mwanga. Unaona pale pamewaka, unakimbilia. Unafika, pale pengine ndipo pamewaka. Jua limezama, una picha 140 na hakuna hata moja.

Fika saa kumi. Tembea polepole na mikono mitupu, simu mfukoni. Unatafuta mahali patatu tu panapokidhi mambo mawili: kuna kitu chenye umbo, na jua litapafikia hadi mwisho. Nyoosha mkono kuelekea jua, kisha ushushe wima kidogo kidogo hadi upeoni. Hiyo ndiyo njia ambayo jua litapita, karibu na hapo. Kama kuna mti au ukuta kwenye njia hiyo, hama. Mwezi Juni njia hiyo huinama kidogo kuelekea kusini, Desemba hushuka karibu wima kabisa, lakini kwa saa moja na nusu kiganja kinatosha.

Katika hayo matatu chagua moja. Mita moja ya mraba. Tandika turubai, lala, na usisogee.

Kukaa huko si uvumilivu wa kujionyesha. Kaa wanapohisi mguu wanazama mashimoni, na wanarudi baada ya dakika kadhaa za utulivu, mmoja, halafu wawili, halafu wote. Yule dume mwenye gando moja kubwa atatoka na kuanza kulipunga juu chini, kama kondakta anayeita abiria. Jike ana magando mawili madogo, na anakula bila kujali. Ukiruhusu hata kivuli cha mkono wako kipite juu yao, unaanza kusubiri upya.

Nne, jua liwe wapi

Ukiwa na jua mgongoni, kivuli chako mwenyewe kinaingia kwenye picha, na kitu kinaonekana bapa kama picha ya kitambulisho. Ndiyo njia tuliyofundishwa wengi, "mpige akiwa anatazama jua", na kwa harusi inafaa. Kwa punje na jani, iache.

Jua likiwa ubavuni mwako, kushoto au kulia, kila kinundu kinajichora. Hii ni ya mchanga, magome, kokoto, maganda ya kome, nyayo za ndege.

Jua likiwa mbele yako, nyuma ya kitu, vitu vinavyopitisha mwanga vinawaka: jani, ua, bawa la kereng'ende, utando wa buibui, povu, tone la maji. Hapa lenzi yako itaoga mwanga na picha itapauka, kwa hiyo zuia jua kwa kiganja juu ya lenzi, au jisogeze mpaka shina lililo nyuma lilifiche jua lenyewe. Futa lenzi kwanza. Alama ya kidole ambayo mchana huioni, jua la mbele litaigeuza ukungu wa picha nzima.

Kwa jani moja jaribu zote. Usiniamini mimi, zunguka.

Tano, ndani ya simu

Simu ina mazoea mabaya mawili jioni. Inapenda kuangaza vivuli, na inapenda kuifanya njano iwe nyeupe. Yote mawili yanaua kile ulichokuja kukichukua.

Gusa kitu kwenye kioo na ushikilie kidole hadi simu ifunge fokasi na mwanga. Kisha telezesha kidole chini upunguze mwanga, mpaka sehemu iliyowaka zaidi irudishe rangi yake badala ya kuwa nyeupe tupu. Picha itaonekana nyeusi kidogo. Iache hivyo, giza la vivuli ndilo linaloshikilia umbo. Kama simu yako ina sehemu ya mipangilio ya mkono, weka rangi ya mwanga kwenye alama ya jua, takriban 5500, badala ya otomatiki, na ile njano itabaki njano. Kama inakuruhusu kuzima HDR, ule mpangilio unaoangaza vivuli kwa kuunganisha picha kadhaa, zima.

Ukikaribia sana, simu nyingi hubadili lenzi zenyewe na kwenda kwenye ile pana. Utaiona picha ikiruka. Hiyo inafanya kazi, lakini inakulazimisha uweke simu sentimita chache tu kutoka kwenye kitu, na kivuli cha simu kinakifunika. Mimi narudi nyuma kama urefu wa kiganja na nusu, nakuza mara mbili, na kisha napunguza pembe za picha baadaye. Kitu kinapata hewa, na mwanga unapita.

Weka saa ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise simu. Soksi ya mchele iwe chini yake. Pumua nje, bonyeza.

Kwa wenye kamera: kwa ukaribu huu eneo linaloonekana kali ni milimita chache, hata ukibana tundu la lenzi hadi f/8 au f/11. Kwa hiyo amua. Ama unaweka kamera sambamba na kitu, ili vidonge vyote viwe vikali, ama unalenga kidonge kimoja na kukubali vingine vififie. Katikati ya hayo mawili ndiko picha mbaya ziliko. Kwa jani linalopepea usishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Afadhali kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 800 au 1600 kuliko kurudi na jani lililotikisika. Chembechembe za ISO nimezizoea. Mtikisiko sijauzoea.

Sita, mahali pa kuanzia

Anza na vidonge vya kaa, kwa sababu havikimbii. Kaa hawa wadogo huchota mchanga, wakala vyakula vilivyogandamana na punje, na mchanga uliobaki wanautema ukiwa kidonge cha mviringo, wanakisukuma nyuma. Wanafanya kazi kwa mistari kutoka shimoni, kwa hiyo baada ya saa mbili unapata ua la shanga, katikati shimo jeusi, na njia nyembamba ya kupitia mwenyewe akikimbia. Maji yakijaa yanafuta yote. Kesho ni lingine.

Lipige kwanza kutoka juu, simu ikiwa bapa na kivuli chako kikiwa nje, jua la ubavu. Hapo unapata mchoro. Kisha lala, shusha simu hadi lenzi iwe sentimita mbili tatu juu ya mchanga. Mara nyingine nageuza simu juu chini ili lenzi iwe upande wa ardhi. Lenga mstari wa kidonge cha tatu au cha nne. Vya mbele vitafifia, vya nyuma vitafifia, na kati yao patakuwa na vidonge vitano vyenye nusu ya dhahabu na nusu ya bluu. Ndiyo, bluu: upande wa kivuli unaangazwa na mbingu, si jua, na saa hizo tofauti ya rangi hizo mbili iko wazi hata kwa macho. Huhitaji kichujio chochote.

Ukimaliza, nenda kwenye mchu. Kwa asiyeifahamu mikoko: mkoko wenyewe ndio wenye mizizi ya matao kama miguu ya buibui. Mchu na mlilana ni ile inayoota mizizi ya kupumulia, vijiti vinavyochomoza topeni kama kalamu mamia kwa mamia. Vijiti hivyo jioni vinatupa vivuli virefu vilivyo sambamba, na ukipanda juu ya mzizi ukatazama chini kwa mshazari, unapata mistari tu, kama mkeka. Usitafute mti. Usiweke anga. Mistari.

Lakini kwenye mchu ninachokifuata ni jani. Mti huu unanyonya maji ya chumvi na kuitoa chumvi kwa majani yake. Kama haijanyesha siku chache, geuza jani uliangalie kwa jua la mbele: utaona punje ndogo nyeupe zimetapakaa. Lamba kama huniamini. Sasa subiri jua lishuke hadi lipite pembeni mwa jani, siyo kulipiga usoni. Jani linabaki kijani iliyoiva, na zile punje zinawaka moja moja. Sogeza kichwa nusu sentimita, zinazimika na kuwaka nyingine. Nilipoiona mara ya kwanza nilitumia dakika kumi na tano kwa jani moja, nikasahau kabisa kwamba nilifuata ndege.

Jani usilichume. Likichumwa linajikunja upesi, na likikosa mti nyuma yake linaonekana kama kitu cha mezani. Kama linapepea, shika kikonyo chake kwa mkono wa pili, chini ya mpaka wa picha.

Wasio karibu na Kunduchi wanaweza kupata mikoko yenye njia ya mbao ya kutembelea: Pete kule Jozani, Unguja; na Gazi na Mida upande wa Kenya. Kwenye njia ya mbao utakosa kulala mchangani lakini hutazama kwenye tope, na majani yanakuwa usawa wa macho. Uliza mlangoni saa ya kufunga, na kama picha zako ni za biashara, ulizia kibali kabla hujalipa kiingilio. Wanawake wanaookota kombe au kulima mwani usiwaweke kwenye picha kwa kujifanya unapiga mchanga. Salimia kwanza, sema unachofanya. Wengi wamenionyesha mahali ambapo nisingepajua.

Saba, kurekebisha mwanga kwa mikono

Kivuli kikiwa kizito mno, ile karatasi nyeupe uiweke upande wa pili wa jua, nje ya picha, ielekee kitu. Utaona kivuli kinajaa polepole unavyoisogeza. Simamisha kabla hakijajaa. Upande wa ndani wa pakiti ya biskuti, ule wa rangi ya fedha, unarudisha mwanga mkali zaidi. Nautumia kwa jua la nyuma tu, kumulika uso wa kaa au ua. Flashi ya simu izime uisahau.

Na kinyume chake: nyuma ya kitu kukiwa na mwanga unaosumbua, mwombe mwenzako asimame hatua mbili nyuma ili kivuli chake kiangukie hapo. Kitu kinabaki juani, nyuma panakuwa peusi. Nimewahi kutumia kanzu ya rafiki yangu kuzuia upepo na mwili wake kutupa kivuli, kwa wakati mmoja. Alilipwa chai.

Nane, jua likishazama usifunge begi

Watu huondoka jua likipotea. Kaa dakika 20 nyingine; ndizo zinazobaki kabla giza halijaanza kushika. Vivuli vinakwisha, mwanga unatoka anga lote, laini, na vidimbwi vinashika rangi ambayo mchanga hauna tena. Hapa ndipo soksi ya mchele inapolipa, kwa sababu kamera itahitaji robo ya sekunde, hata sekunde mbili. Simu itawasha yenyewe mpangilio wa usiku. Ukiweza uzime, la sivyo itakurudishia mchana wa bandia.

Mlilana una zawadi ya saa hii. Maua yake hufunguka magharibi inapoingia, nyuzi nyeupe zimetawanyika kama brashi, yakingoja popo. Asubuhi nyuzi hizo ziko chini topeni. Ukiliona tumba lililovimba saa kumi na moja, kaa karibu nalo.

Kabla ya kulala

Loweka kitambaa kwenye maji baridi uliyobeba, ukikamue hadi kiwe kinyevu tu, ufute simu au kamera yote, kisha kitambaa kikavu. Usianze na kikavu: punje za chumvi na mchanga zitakwaruza lenzi. Mchele wa kwenye soksi usiupike.

Picha usizifute ukiwa bado ufukweni, kioo kwenye jua kinadanganya. Ziangalie nyumbani, chumba kikiwa na mwanga wa wastani. Bakiza mbili au tatu. Kurekebisha: kata pembe, punguza mwanga uliowaka zaidi, ongeza weusi kidogo, basi. Kitufe cha kuongeza rangi kikisukumwa, njano ya jioni inakuwa rangi ya soda ya chungwa. Na andika pembeni tarehe, saa, na hali ya maji. Miezi sita baadaye, ukitaka kurudia lile ua la vidonge, hutajua ulikwenda mwezi wa ngapi na maji yalikuwaje. Mimi nina picha moja ya namna hiyo, nzuri kuliko zote, sijui hadi leo niliipiga mwezi ukiwa wapi.

Picha ya babu? Nilimwomba, akakataa. Akasema nimpige yule kaa.